Baraza la Mfalme na Ardhi ya Abagusii

Mkulima wa Kisii au Nyamira huujua vizuri mpaka wa shamba lake, na mara nyingi humjua hata mzee aliyeshuhudia ukiwekwa. Lakini mpaka uliokuwa mkubwa kuliko yote, uliotenga nchi ya Abagusii na mashamba ya walowezi wa Kizungu upande wa Sotik, ulipewa nguvu ya sheria Uingereza, mbele ya watu wachache waliosimama wima. Watu hao walikuwa wajumbe wa Baraza la Siri la Mfalme.

Baraza hilo ni la kale sana. Wajumbe wake ni Mawaziri walio kazini na waliokwisha kuondoka, majaji wakuu, maaskofu na watu wengine wa heshima, nao huapa kutunza siri. Siku hizi idadi yao imepita 700, lakini katika mkutano wa kawaida huitwa Mawaziri wachache tu, na watatu hutosha. Mkuu wa Baraza husoma majina ya Amri moja baada ya nyingine, na Mfalme hujibu kwamba amekubali. Hakuna hotuba wala mabishano, na hakuna anayeketi.

Hapo ndipo Baraza hilo linapotofautiana na ritongo la Abagusii. Katika ritongo wazee walisikiliza pande zote mbili kwanza, kisha wakatoa uamuzi. Katika Baraza la Mfalme shauri hufika likiwa limekwisha kuamuliwa na Mawaziri, ambao ndio wanaojibu mbele ya Bunge. Kwa desturi ya katiba ya Waingereza, Mfalme hufuata ushauri wao. Kwa hiyo Baraza huupa uamuzi wao muhuri na nguvu ya sheria, na jina la Mfalme hutajwa juu ya jambo ambalo wengine wamelichagua.

Kwa watu wa makoloni jambo hili lilikuwa zito, kwa kuwa Mawaziri hao walijibu mbele ya Bunge ambalo Mwafrika hakuwa na kura ya kulichagua. Amri ya mwaka 1902 iliweka misingi ya utawala na mahakama katika nchi iliyoitwa Himaya ya Afrika Mashariki, miaka mitatu kabla ya askari wa Serikali kuishambulia nchi ya Gusii mwaka 1905. Amri ya mwaka 1920 iliifanya nchi hiyo kuwa Koloni la Kenya. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliamua kwamba, kwa nguvu ya Amri hiyo pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915, Waafrika walikuwa wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme, nao wangeweza kuondolewa kwa hiari yake.

Baada ya Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter kutoa taarifa yake mwaka 1934, Amri mbili za mwaka 1939 zilithibitisha mipaka: moja ya nchi za Waafrika, nyingine ya Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu. Borabu, ambayo leo ni sehemu ya Nyamira, ilibaki upande wa walowezi. Mgusii aliweza kuvuka mpaka huo kwenda kufanya kazi ya mshahara, lakini hakuweza kununua shamba huko.

Kazi ya pili ya Baraza ni ya hukumu. Kamati yake ya Mahakama, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1833, ilisikiliza rufani za mwisho kutoka Kenya. Kuruma wa Kaniu, aliyehukumiwa kifo wakati wa Hali ya Hatari kwa kupatikana na risasi mbili, alipeleka rufani yake huko, nayo ikakataliwa. Rufani za namna hiyo zilikoma baada ya Kenya kuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba 1964.

Mlango uliofungwa na Baraza ulifunguliwa na Baraza hilohilo. Amri ya Ardhi ya mwaka 1960 iliondoa ubaguzi katika Nyanda za Juu, na katika miaka ya 1960 jamaa za Abagusii zilipewa mashamba Borabu kwa mikopo. Hata Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilitolewa kama nyongeza ya Amri ya Malkia katika Baraza.

Katika mambo hayo yote, aliyetaka kujua asili ya Amri hakupaswa kuishia kwenye jina la Mfalme. Alipaswa kuuliza ni nani aliyemshauri, na mshauri huyo alijibu kwa nani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inayataka mabaraza ya kaunti, Kisii na Nyamira yakiwamo, kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Siku yanapoita mkutano wa kusikiliza maoni, mkulima asiyefika huwaachia wengine kazi ya kushauri juu ya ardhi yake.