Malezi ya Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo na Haiba ya Mzazi

Haiba, yaani namna ya kudumu ambayo mtu huhisi, hufikiri na kuhusiana na wenzake, haibadiliki upesi ukubwani, lakini mzigo unaobebwa usiku na mchana kwa miaka mingi unaweza kuibadilisha, na malezi ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo ni mzigo wa aina hiyo.

Mtindio wa ubongo ni hitilafu ya mkao na mwendo wa mwili, itokanayo na ubongo kudhurika kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, kwa mfano anapokosa hewa au anapopata manjano kali. Kwa mama wa Uyole au Iwambi jijini Mbeya, maana yake ni kumfunga mgongoni kwa kitenge mtoto wa miaka saba asiyeweza kukaa, kumpeleka kwenye mazoezi ya viungo, kumlisha uji taratibu asipaliwe na kumgeuza usiku kucha, huku majirani wakinong'ona kuhusu laana na, mara nyingi mno, baba akiwa ameshaondoka.

Katika maisha hayo mwili unaweza kutoa kotisoli, homoni ya tahadhari, kwa muda mrefu kupita kiasi, hata usingizi ukakatika, wasiwasi ukakua, na mwanamke aliyekuwa mchangamfu akaanza kukwepa harusi na vikao vya vikoba kwa kuchoka kujieleza. Mwaka 2004, watafiti Elissa Epel, Elizabeth Blackburn na wenzao walionyesha nchini Marekani kwamba, kwa akina mama wenye watoto wagonjwa wa muda mrefu, kadiri miaka ya uuguzaji ilivyozidi ndivyo telomea, ncha zinazolinda kromosomu, zilivyokuwa fupi zaidi. Basi kumwita mkali au mwenye kiburi mama anayejitenga kwa uchovu wa namna hiyo ni kumwonea.

Wapo pia wazazi wanaopata subira na ujasiri wa kudai haki ambao hawakuwa nao, hasa wanapopata wa kuwapokea na wanapoona kesho ya mtoto, kama mjini Iringa, ambako karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003, huajiri watu wenye ulemavu. Basi mashemeji, mawifi na majirani wampokee mtoto japo alasiri moja kwa wiki, mama alale.