Land Rover ya babu inapogoma, mtoto asimame wapi?

Tukuyu. Saa 12 asubuhi ukungu umeshuka kutoka Mlima Rungwe na kutulia juu ya migomba. Uani kuna Land Rover 109 iliyoachwa na babu, ile iliyokuwa ikisomba ndizi kutoka Mwakaleli, na leo imegoma tena. Stata inazunguka, injini inakohoa mara mbili, kisha kimya. Baba anafungua boneti na kuita mtoto aje kumulika tochi.

Wakazi wengi wa Rungwe wanaijua picha hii. Tukuyu ipo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Injini ya zamani, yenye kabureta na platini, husumbuliwa na vyote viwili. Unyevu huiba moto wa plagi. Mwinuko nao hupunguza hewa, hivyo kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika huku humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo.

Hapo ndipo suala la ufundi linapogeuka suala la afya. Petroli ikizidi hewa haiungui vizuri, na matokeo yake ni gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hujishika na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, mwili ukakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Magari haya hayana kifaa cha kusafisha moshi kama yalivyo ya kisasa, na wakati mbaya zaidi ni huo huo wa asubuhi, choki ikiwa imevutwa na injini bado ya baridi.

Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo gesi humwahi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ni rahisi mzazi kudhani ni malaria au mafua. Kinachotofautisha mara nyingi ni kwamba wote waliokuwa karibu na gari wanalalamika kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Mtoe nje mara moja, mpeleke hospitali, na umwambie daktari wazi kwamba alikuwa karibu na injini inayounguruma. (Gesi hii ndiyo hiyo hiyo ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani nyakati za baridi ya Juni na Julai.)

Kwa hiyo gari lisukumwe nje ya banda kabla ya kuwashwa. Mlango wa banda kuwa wazi hautoshi, na bomba la moshi lisielekee dirisha la jikoni.

Sasa ubovu wenyewe. Kabureta husingiziwa mengi. Fundi mzoefu huanza na moto, tena baada ya kuhakikisha hakuna petroli inayovuja. Anafungua kifuniko cha distributa na kukipangusa kwa kitambaa kikavu. Baada ya usiku wa ukungu, hilo peke yake wakati mwingine linamaliza kazi. Kisha anatazama platini. Kwa injini ya petroli ya lita 2.25 ya Land Rover hizi, nafasi yake ni kama milimita 0.35 hadi 0.40. Zikiwa zimeungua, anazisafisha au kuzibadilisha, na kondensa anaitilia shaka, kwa sababu ikifa huunguza platini na kudhoofisha cheche. Cheche nzuri ni ya bluu na kali. Ya njano iliyofifia haiwashi injini ya baridi.

Plagi nayo husema mengi. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi hewa. Ikiwa imelowa, injini imejaa mafuta, iachwe ipumue. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa. Moto ukiwa mzuri ndipo ageukie mafuta: kibakuli cha kioo kwenye pampu, ambako maji hukaa chini ya petroli, kisha floti na jeti za kabureta. Kurekebisha mchanganyiko huo kunaokoa petroli na kunapunguza gesi wanayovuta walio nyumbani.

Kuna mazoea mawili ambayo hayana utetezi. La kwanza ni kumimina petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwingine akipiga stata. Injini ikirudisha moto, unatokea hapo hapo, usawa wa uso wa aliyeshika tochi. Tochi inaweza kutundikwa kwenye boneti, haihitaji mtoto.

La pili ni kunyonya petroli kwa mpira, kisha kuiacha kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti. Akinywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa kama dawa. Hatari kubwa ni petroli kuingia kwenye mapafu, na kutapika huiongezea nafasi ya pili ya kupita huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Nenda hata kama anacheza kawaida, kwani kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Mtu mzima aliyepaliwa akinyonya mpira naye aende.

Petroli ihifadhiwe kwenye dumu lake lenye kifuniko kinachokaza, mbali na jiko, juu ambako mtoto hafiki. Na leo, injini ikikubali kuwaka, anayesubiri kupelekwa shule asubiri barazani hadi moshi mweusi ukatike na choki irudishwe.