Meli Isiyo na Nahodha: Nani Atakayejibu?

Askari ashikaye zamu barabarani upande wa Merikit, wilayani Tororo, anaijua kazi yake. Husimamisha lori, humsalimu dereva, hudai leseni, kisha hukagua shehena. Kila swali lina mtu wa kulijibu. Je, siku chombo kitakapofika mbele ya askari bila mwendeshaji, atamwuliza nani?

Swali hili si ndoto, nalo linaanzia majini. Nchini Norway, meli ya umeme iitwayo Yara Birkeland, yenye urefu wa mita 80 na nafasi ya makontena 120, ilianza kazi ya biashara mwaka 2022. Ilijengwa kwa shabaha ya kusafiri hatimaye bila baharia. Mwaka huo huo chombo kidogo, Mayflower, kilivuka Atlantiki bila mtu ndani, ingawa hitilafu za mitambo zilikilazimisha kutia nanga Halifax, Kanada.

Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilianza mwaka 2018 kuzipitia sheria zake kwa ajili ya meli hizo, likamaliza mwaka 2021. Liliziweka katika ngazi nne: meli yenye mabaharia wanaosaidiwa na mitambo, meli iongozwayo kutoka mbali huku mabaharia wamo, iongozwayo kutoka mbali bila mabaharia, na ile ijiamuliayo yenyewe.

Askari ataelewa upesi ugumu ulipo. Kanuni ya tano ya mkataba wa mwaka 1972 wa kuzuia migongano baharini inaamuru kila chombo kiweke ulinzi wakati wote, kwa kuona na kwa kusikia. Hiyo ni zamu ya mlinzi! Kamera na rada zaweza kushika zamu hiyo bila kusinzia. Lakini mtumbwi wa mbao hauonekani vema katika rada. Huko Majanji, wilayani Busia, na Sio Port ng'ambo ya mpaka, mvuvi hutegemea chombo kama hicho. Mtambo usipomwona, nani atakuwa amelala zamu?

Wapo wasemao kwamba mashine ni bora kuliko binadamu, nao hawakosi hoja. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, wakafa watu 228. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101 tu. Mtambo ungeweza kukataa kuondoka na mzigo uliozidi. Hata hivyo, baada ya msiba ule Serikali iliamuru wahusika wakamatwe, kwa sababu walikuwako watu waliokabidhiwa dhamana. Mtambo haukamatwi wala haupelekwi mahakamani.

Kwa hiyo kamati za IMO zilifikia msimamo ulio wazi: kila meli ya namna hii lazima iwe na nahodha binadamu, hata kama hayumo melini. Msimamo huo ni wa haki. Lakini nahodha huyo aweza kuwa ameketi katika nchi nyingine, nalo Ziwa Viktoria linagawanywa na nchi tatu. Askari wa majini wa Uganda atamfikiaje?

Busia yatupa mfano. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kilipozinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018, maofisa wa Uganda na Kenya hufanya kazi chini ya paa moja. Ziwa nalo lahitaji mapatano ya jinsi hiyo. Uganda ina Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ile ya Ziwa Viktoria ya mwaka 2007. Hapana budi sheria hizo ziseme mapema ni nani atakayejibu, kituo cha kuongozea kiko wapi, na askari apewe uwezo gani wa kukisimamisha chombo.

Jeshini, silaha haitoki ghalani bila jina la aliyeichukua kuandikwa daftarini. Meli isiyo na nahodha ndani isiondoke bandarini bila jina la mwenye dhamana.