Mauzo Yakiyumba, Ichunguze Kazi Kabla ya Kumhukumu Muuzaji

Jibini la Masisi hutengenezwa kwa mkono katika viwanda vidogo kwenye milima ya malisho iliyo magharibi mwa Goma, mashariki mwa Kongo. Namna yake ni ile ya Gouda ya Uholanzi: maziwa hugandishwa, hukamuliwa maji, hutiwa chumvi, kisha jibini huachwa likomae. Likiwa tayari hushushwa Sake hadi masoko ya Goma, na kwa miaka mingi sehemu yake ilipakiwa ndege kwenda Kinshasa.

Mwenye kiwanda cha namna hii huwategemea wauzaji wachache, na kilio chake wafanyabiashara wa kila mahali wanakijua: mwezi huu wameuza vizuri, mwezi unaofuata wamelala. Aliyesifiwa Machi anakaripiwa Mei, na aliyetishiwa kufukuzwa anaongoza wenzake. Mwenye mali huona uvivu, au huona kipaji kilichochuja. Mimi nasema sehemu kubwa ya kuyumba huku hutokana na mazingira ambayo muuzaji amewekwa ndani yake, na asiyejua kuyatenganisha na juhudi za mtu atawaadhibu wengine kwa makosa yasiyo yao na kuwatuza wengine kwa bahati tu.

Tuanze na mali yenyewe. Kiangazi kikiingia, kuanzia Juni, majani hupungua malishoni na maziwa nayo hupungua. Muuzaji aliyeahidi kupeleka jibini hotelini kila Ijumaa anafika depo na kukuta rafu tupu. Mpishi hasubiri mvua. Anatafuta mwingine wa kumletea. Mvua zikirudi jibini linajaa, lakini mteja amekwisha kwenda. Ndiyo maana mauzo hubaki chini muda mrefu baada ya upungufu kwisha, na anayetazama hesabu za Oktoba peke yake atadhani muuzaji ndiye aliyelegea.

Kisha kuna njia na usalama. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Sake, kisha Goma. Benki za mji zilifungwa na uwanja wa ndege ukasimama. Kwa biashara ya jibini, muuzaji mwenye wateja Kinshasa na mwenzake anayezungukia maduka ya mtaa wa Birere, mjini Goma, hawakuwa tena katika kazi moja. Wa kwanza alipoteza njia ya mali na njia ya malipo kwa pigo moja. Wa pili bado angeweza kupeleka kilo mbili tatu kwa mguu na kulipwa taslimu. Kuwapanga wawili hao kwenye orodha moja, wa kwanza na wa mwisho, ni kumdhulumu mmoja wao.

Walikale, jirani ya Masisi, inatuonyesha jambo hili waziwazi zaidi, kwa kuwa huko kuna mali ambayo haihitaji kushawishi mnunuzi hata kidogo. Mawe ya bati ya Bisie, huko Walikale, yalianza kuchimbwa kwa mikono mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wapagazi waliyabeba mgongoni kupita msituni hadi Njingala. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na zuio likaondolewa Machi 2011. Kwa miezi hiyo biashara halali ya wanunuzi wote wa kati ilifungwa kwa amri moja, kwa stadi na kwa mwanagenzi sawasawa.

Leo Bisie ina mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, uliozalisha takriban tani 17,300 za bati mwaka 2024, na mali yake hununuliwa kwa mkataba na mfanyabiashara mmoja mkubwa wa kimataifa. Hata hivyo mapato hayatulii. Machi 2022 bei ya bati katika soko la London ilikaribia dola 50,000 kwa tani; kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshuka chini ya dola 20,000. Machi 2025 vita vilipoisogelea Walikale mgodi ulisimama, ukaanza kurejea kazini Aprili. Ikiwa mauzo yenye mnunuzi wa uhakika yanapanda na kushuka hivi, mwenye jibini na atafakari kabla ya kumnyooshea kidole kijana wake.

Hata siku ambazo njia ni shwari na rafu zimejaa, bahati ina sehemu yake. Tuseme muuzaji anatembelea maduka 20 kwa wiki, na kila duka lina nafasi moja kati ya nne ya kununua. Wastani wake ni maduka 5. Hesabu ya uwezekano inatuambia kwamba katika wiki kumi, takriban nane zitampa maduka kati ya 3 na 7. Moja hivi itampa 2 au pungufu, na nyingine 8 au zaidi. Hakubadilisha maneno wala bidii. Mtaalamu wa takwimu wa Marekani W. Edwards Deming, aliyewafundisha Wajapani kuanzia 1950, alilionyesha hili kwa shanga 4,000, kati yake 800 nyekundu. Watu walichota shanga 50 kwa kibao chenye vishimo, naye akawasifu waliopata nyekundu chache na kuwakemea waliopata nyingi, ingawa hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuchagua.

Lakini mgala muue na haki yake mpe: yapo makosa ambayo ni ya timu kweli. Kubwa ni kusukuma mali mwisho wa mwezi. Muuzaji anayelipwa kwa kilo alizotoa kabla ya tarehe 30 atazijaza butiki kwa mkopo ili afikie lengo. Mwezi unaofuata butiki bado zina jibini, hazinunui, na madeni hayajalipwa. Kilele na bonde ni matokeo ya malipo yale yale. Kosa la pili ni kuacha kutafuta wateja wapya wakati wa neema, kisha kuanza upya njaa ikifika. La tatu ni kumwachia mtu mmoja namba za wateja wote katika simu yake; akiugua au akihama, nyumba nzima inakuwa kipofu.

Dawa inaanza na daftari la nyumba. Kila muuzaji aandike tarehe, maduka aliyotembelea, yaliyonunua, kilo, fedha zilizoingia mkononi, na sababu ya kila agizo lililoshindikana: depo tupu, njia imefungwa, bei, au jibini halijakomaa. Mwenye kiwanda asihukumu kwa mwezi mmoja. Asome miezi sita na kulinganisha wanaozunguka njia zinazofanana. Mtu akishuka kidogo ndani ya kiwango chake cha kawaida, aachwe afanye kazi. Wakishuka wote pamoja, sababu itafutwe kwenye maziwa, njia au bei. Akishuka mmoja peke yake kwa muda mrefu, huku mali ikiwapo na njia ikiwa ile ile, hapo ndipo pa kukaa naye, kuandamana naye sokoni na kumfundisha. Tuzo nayo ihesabiwe kwa fedha zilizolipwa, isihesabiwe kwa kilo zilizotolewa.

Katika Masisi mshahara wa muuzaji mmoja hulisha nyumba nzima, na mara nyingi pamoja na jamaa waliokimbia vita. Kumfukuza mtu kwa sababu ya kiangazi, au kwa sababu ya wiki mbili za bahati mbaya, ni hasara kwake na ni hasara kwa kiwanda pia, kwa kuwa atakayekuja baada yake atakuta rafu zile zile, njia ile ile, na malipo yale yale yanayomshurutisha kusukuma mali mwisho wa mwezi.