Anayesinzia Kazini Apimwe Kabla ya Kufukuzwa



Katika viwanda na mashamba, kosa la kusinzia kazini halina huruma. Dereva wa trekta akikutwa ameulalia usukani, au mwangalizi wa boila akikutwa kichwa kimeinama, nyapara huandika jina, na kesho yake barua imetoka. Sisi tunaosimamia mashauri ya wafanyakazi tumezisoma barua hizo. Neno lake ni moja: uvivu. Lisipokuwa uvivu, ni ulevi. Ni mara chache mtu kuuliza kama ndugu huyu ni mgonjwa.

Upo ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ambao madaktari huuita apnia. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengi wetu hilo halina neno, lakini kwa mgonjwa ulimi na nyama laini za koo huiziba njia ya hewa, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Hupita sekunde 10, 20, pengine dakika nzima. Oksijeni katika damu hupungua, ubongo hushtuka na kumwamsha kidogo tu, naye huvuta pumzi kwa kishindo na kulala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Pumzi ikikatika mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa ni mkali. Hebu tupige hesabu: mtu huyo akilala saa 7, ameshtuliwa zaidi ya mara 200. Ukimuuliza atakuambia alilala vizuri, na kadiri ajuavyo anasema kweli.

Kwa hiyo shahidi mkubwa si mgonjwa, bali ni mke wake, au mumewe, au wenzake wanaolala naye chumba kimoja kambini. Kukoroma peke yake si ugonjwa. Lakini mkisikia mkoromo mkubwa, kisha kimya, kisha mtu anashtuka kama aliyekuwa akizama majini, msimcheke, mwambieni. Dalili nyingine ni kuamka na maumivu ya kichwa na kinywa kikavu, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, kusahausahau, na presha isiyotaka kushuka hata kwa dawa. Wanene wenye shingo nene hupatwa zaidi, ila wembamba wamo pia, hasa wenye taya dogo au mafindofindo makubwa. Wanawake nao hupatwa, na zaidi baada ya kukoma hedhi.

Huku kwetu Uganda mtu akisinzia mchana wazee hutaja malale, na hatuwalaumu, kwani mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria. Malale huletwa na mbung'o. Apnia haiambukizwi na mdudu wala na mtu.

Tuchukue mfano wa mbali, kwa sababu ulichunguzwa mpaka mwisho. Tarehe 1 Desemba 2013, huko New York, Marekani, treni ya abiria iliingia kwenye kona ya Spuyten Duyvil kwa mwendo wa kilomita 132 kwa saa, mahali ambapo mwisho ni 48. Watu 4 walikufa na zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Dereva hakuwa amelewa. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba alisinzia kwa sababu ya apnia kali ambayo hakuna aliyekuwa ameigundua, na kwamba hali hiyo ilizidishwa na kubadilika kwa zamu yake muda mfupi kabla, kutoka jioni kwenda alfajiri. Ndugu wanaokaa mezani kujadili zamu na waajiri walishike hilo la mwisho.

Matibabu yapo. Zamani, kwa walio hali mbaya, dawa ilikuwa kutobolewa koo. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alitangaza njia nyingine: mashine ndogo inayopuliza hewa puani kupitia kifuniko, na mgandamizo wa hewa hiyo huizuia njia isijifunge. Mpaka leo ndiyo tiba kuu kwa walio wagonjwa sana. Huvaliwa kila usiku. Ukiiacha, ugonjwa unarudi. Bei yake ni kubwa kwa mshahara wetu, nayo yahitaji umeme, kwa hiyo hatutawadanganya kwamba kila kambi itaipata. Kwa wengine daktari wa meno hutengeneza kifaa cha kinywani kinachovuta taya mbele. Mnene akipungua uzito hupata nafuu. Kuacha pombe jioni na vidonge vya usingizi husaidia, maana vyote hulegeza koo. Wapo wanaopona nusu kwa kulala ubavu tu, na mbinu ya kushona mpira wa matambara mgongoni mwa fulana haigharimu kitu.

Kuhusu barua za kufukuzwa, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri aeleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, na amsikilize akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yasema hivyohivyo. Basi usiende peke yako. Nenda na mwakilishi wa chama, na maelezo ya anayelala nawe yawe yameandikwa.

Hatusemi mgonjwa aachiwe usukani. Hapana, ataua watu. Tunadai mambo mawili: apimwe kwanza, na akingoja tiba apewe kazi isiyo ya gari wala mashine. Katika shauri moja la dereva wa trekta, mwajiri alikubali la pili akakataa la kwanza. Nauli ya kwenda hospitali kubwa ilichangwa na wenzake wa zamu.