Kiti cha Gari la Kale: Tuanzie Kava au Springi?

Mwenye Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 akiona viti vimechanika, wazo la kwanza humwambia anunue kava jipya. Kabla ya kuamua kama wazo hilo ni sahihi, tukifungue kiti tuone kilivyojengwa.

Kina matabaka manne. Chini kabisa kuna fremu ya chuma yenye springi. Juu ya springi hutandikwa gunia. Juu ya gunia hukaa mto wa nyuzi, yaani singa za farasi au makumbi ya nazi, yale yale yasokotwayo kamba huku pwani, yakiwa yameshikamanishwa kwa utomvu wa mpira. Mwisho ni kava, ambalo kingo zake hunaswa kwenye fremu.

Kila tabaka hubebwa na lililo chini yake. Springi ikikatika, kiti hulalia upande mmoja. Gunia likioza, springi huanza kuzila nyuzi. Mpira ukizeeka hukauka na kugeuka unga. Ndilo vumbi la kahawia linaloonekana sakafuni chini ya kiti. Mto ukibonyea, kava hulegea, na palipolegea hukunjana, kisha hupasuka.

Tutazame sasa kava lenyewe. Kuukuu halitupwi. Fundi hupiga alama za chaki kukatiza kila mshono, ndipo hufumua uzi kwa wembe. Vipande vilivyoachana huwa kigezo cha kukatia vipya, na alama zile huonyesha wapi vikutane tena. Ndani ya pindo, jua lisikofika, ndiko rangi ya asili ilikobaki.

Ngozi bandia ya kava jipya haisamehe kosa: tundu la sindano halizibiki. Basi hupimwa kwanza, hushonwa mara moja, kisha huanikwa juani ilainike kabla ya kuvutwa juu ya mto.

Wengine hubadili makumbi kwa sponji. Sponji hukatwa upesi, lakini makumbi hupitisha hewa vizuri zaidi, na katika joto letu mgongo huitambua tofauti hiyo.

Kwa hiyo, mwenye fedha ya kazi moja tu mwaka huu atengeneze springi, gunia na mto, kisha akivalishe kiti kava lake la zamani, pamoja na viraka vyake. Kava jipya likija baadaye, litakuta pa kukaa.