Seli Hazichelewi Baharini

Katika ankara kifani ya muuzaji wa seli za betri wa Shenzhen, mstari unaosomwa kwa makini baada ya bei ni ule wa muda wa kufika: siku 35 hadi 45. Mara nyingi mstari huo si uongo. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa Dar es Salaam huanza kuhesabu siku aliyolipa, ilhali muuzaji huanza kuhesabu siku meli ilipong'oa nanga. Ucheleweshaji mwingi hutokea kati ya siku hizo mbili, na kati ya siku hizo mbili hakuna bahari.

Safari yenyewe ndiyo sehemu inayoaminika kuliko zote. Meli ya makontena kutoka kusini mwa China hadi Dar es Salaam au Mombasa huchukua takriban wiki tatu hadi tano, kutegemea kama inakuja moja kwa moja au kontena hushushwa Singapore, Port Klang au Colombo kungoja meli nyingine. Ni muda mrefu, lakini unajulikana. Meli ina ratiba, ina jina, na mwenye simu anaweza kuitazama kwenye ramani ikikata Bahari ya Hindi. Anayetaka kujua kwa nini seli zilizolipiwa Julai hufika Desemba inambidi aiache meli na aanze na seli.

Seli inayotafutwa sana na mafundi wa sola ni ile ya mstatili, ya lithiamu na fosfeti ya chuma, yenye ampea-saa 280 na volti 3.2. Ukizidisha unapata wati-saa 896 ndani ya kitu chenye uzito wa kilo tano na ushei. Kumi na sita zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 51.2 na kilowati-saa zaidi ya 14, akiba ya kuivusha nyumba ya kawaida usiku kucha na sehemu ya mchana. Mnunuzi anaona betri. Kanuni za usafirishaji zinaona bidhaa hatarishi ya daraja la 9, namba UN3480.

Hofu hiyo ina sababu. Seli ya lithiamu iliyobonyea, au iliyotoka kiwandani na kasoro ya ndani, inaweza kuanza kuzalisha joto haraka kuliko inavyoweza kulitoa. Joto huchochea mmenyuko wa kemikali, mmenyuko huongeza joto, na seli ya jirani huingia kwenye mkumbo. Fosfeti ya chuma ni pole kuliko kemia nyingine za lithiamu, lakini fomu ya usafirishaji haina kisanduku cha upole. Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliwaka moto muda mfupi baada ya kuruka kutoka Dubai, ikaanguka na kuwaua marubani wake wawili. Uchunguzi uliuhusisha moto huo na shehena ya betri za lithiamu, na ukabaini kwamba baadhi ya betri hizo zilipaswa kutangazwa kuwa bidhaa hatarishi na hazikutangazwa.

Kuanzia Aprili 1, 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilipiga marufuku betri za lithiamu-ayoni zinazosafiri peke yake, yaani zisizoambatana na kifaa chake, kubebwa kama mzigo katika ndege za abiria. Katika ndege za mizigo zinaruhusiwa zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Kwa hiyo ndege ya Air Tanzania inayotoka Guangzhou na abiria, Dreamliner, haiwezi kukuletea seli hata moja kama mzigo, ingawa yenyewe huruka na betri za lithiamu, za aina iliyosababisha ndege zote za Boeing 787 duniani kuzuiwa kuruka kwa miezi kadhaa mwaka 2013. Muuzaji anayeahidi kuleta seli kwa ndege kwa bei ya kawaida ya kilo ana mpango mmoja kati ya miwili: nafasi halali katika ndege ya mizigo, ambayo si ya bei ya kawaida, au kuandika kwenye boksi kwamba ndani mna vipuri vya elektroniki. Mpango wa pili ni wa haraka mpaka boksi linapopita kwenye mashine ya mionzi.

Inabaki bahari, nayo ina kitabu chake cha masharti, Kanuni za IMDG za Shirika la Kimataifa la Bahari. Kabla kontena halijakubaliwa, kampuni ya meli hutaka karatasi ya usalama wa kemikali, tamko la bidhaa hatarishi, na muhtasari wa majaribio ya UN38.3. Hayo ya mwisho ni majaribio manane ambayo aina ya seli au betri hupitishwa: hewa pungufu kama ya juu angani, joto na baridi, mtikisiko, mshtuko, kukutanishwa kwa ncha, kugongwa au kubanwa, kuchajiwa kupita kiasi, na kulazimishwa kutoa umeme ikiwa imeisha. Muhtasari huo ni wa modeli mahususi. Muuzaji aliyebadilisha chapa ya seli katikati ya agizo, kwa sababu ile ya kwanza imekwisha sokoni, anahitaji karatasi nyingine. Asipokuwa nayo, mzigo hukaa.

Kampuni ya meli inaweza pia kukataa tu, na haidaiwi maelezo. Agosti 2021, kontena lililosheheni betri chakavu za lithiamu liliwaka moto barabarani likielekea bandari ya Virginia, Marekani. Hati zake zilisema ni vifaa vya kompyuta. Lingewaka siku chache baadaye, lingewaka likiwa ndani ya meli. Baada ya matukio ya aina hiyo, mkaguzi wa shehena anayeuliza maswali mengi ni mtu anayefanya kazi yake.

Kwa mnunuzi mdogo, hesabu hapo inakuwa ngumu. Seli 16 hazijazi hata sehemu ya kumi ya meta moja ya ujazo, na kontena la futi 20 lina meta za ujazo zaidi ya 30. Lazima mzigo wake uchanganywe na wa wengine. Wakusanyaji wa mizigo wa Guangzhou wanaolihudumia soko la Kariakoo hujaza kontena la nguo, vyombo na vifaa vya simu kwa siku chache, lakini wengi hawagusi daraja la 9, kwa sababu boksi moja la seli hubadili hadhi ya kontena zima. Wanaokubali ni wachache, na kontena lao hujaa polepole. Mzigo umefika ghalani, picha imetumwa kwa simu, kila kitu kiko tayari. Kinachongojewa ni wanunuzi wengine ambao bado hawajaamua kununua.

Hayo yote ni ucheleweshaji wa haki. Kuna mwingine wenye faida, na huo hauandikwi kwenye ankara. Wauzaji wengi wa seli mtandaoni si viwanda wala mawakala wa viwanda. Ni madalali: wana ofisi, picha nzuri, pengine mashine ya kupimia, lakini hawana akiba ya seli. Hukusanya fedha za maagizo kadhaa, kisha hununua kwa mkupuo kutoka kwa mwenye ghala. Malipo ya awali ya mnunuzi ndiyo mtaji. Anayelipa asilimia mia kabla ya kuona hati yoyote amemkopesha mtu asiyemjua, ng'ambo, bila riba na bila tarehe ya marejesho, na pengine ameshukuru kwa punguzo la dola mbili kwa seli.

Sasa weka mkopo huo katika soko ambalo bei haitulii. Kaboneti ya lithiamu, malighafi ya msingi ya seli hizi, ilikaribia yuani 600,000 kwa tani Novemba 2022. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imeporomoka hadi karibu yuani 100,000, na bei za seli zikaifuata. Dalali aliyepokea fedha kwa bei ya Machi na kununua seli kwa bei ya Juni alipata tofauti yote bila kuinua boksi. Kila wiki ya kusubiri ilikuwa na mshahara wake. Barua zake zilieleza ukaguzi wa ubora unaoendelea, na kwa namna fulani ulikuwa unaendelea.

Bei inapopanda, ucheleweshaji hubadili sura tu. China ilipotangaza Novemba 2024 kwamba marejesho ya kodi kwa betri zinazouzwa nje yatashuka kutoka asilimia 13 hadi 9 kuanzia Desemba 1, gharama ya kila agizo lililokuwa halijavuka forodha ilibadilika kwa tangazo moja. Dalali aliyekwisha kuahidi bei ya zamani ana njia tatu: ale hasara, aombe nyongeza, au akae kimya mpaka mnunuzi achoke na kudai fedha zake. Ya tatu haina gharama.

Namba ya kufuatilia mzigo haisaidii sana katika kipindi hiki. Hutolewa lebo inapochapishwa, hata kama boksi bado halijafungwa, na muuzaji ana sababu ya kuichapisha mapema, kwa kuwa katika masoko mengi ya mtandaoni ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba ametimiza wajibu. Hati yenye uzito ni hati ya shehena yenye tarehe ya kupakiwa melini. Hata hivyo isomwe pamoja na masharti ya mauzo. Chini ya FOB na CIF, vifupisho vinavyotumika sana katika biashara ya bahari, muuzaji huhesabika amekabidhi mzigo unapowekwa melini katika bandari ya kutokea. Tofauti ni nani analipa nauli na bima. Kisheria, mnunuzi wa Mwanza alikwisha kupokea seli zake Shenzhen.

Kalenda nayo ina mchango, ingawa hutajwa zaidi ya inavyostahili. Viwanda vya China hupunguza kazi wiki kadhaa kuzunguka Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, na tena wiki ya kwanza ya Oktoba. Misukosuko ya mbali pia hufika. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza Novemba 2023 hayakuwa kwenye njia ya China na Dar es Salaam, lakini meli za Ulaya zilipolazimika kuizunguka Afrika zilimeza nafasi na makontena, ratiba zikavurugika, na katikati ya 2024 foleni ikajaa Singapore, mahali ambapo sehemu ya mizigo yetu hubadilisha meli.

Bandari ya nyumbani, ambayo hulaumiwa kwanza, kwa kawaida huongeza siku chache kuliko ghala la Guangzhou, ila hutoza kwa kila siku. Kinachokwamisha seli hapo ni karatasi zilizosahaulika mwanzoni. Tanzania tangu 2012, na Kenya tangu 2005, zinataka bidhaa nyingi zikaguliwe ubora kabla hazijasafirishwa. Mzigo usio na cheti hukaguliwa baada ya kufika, kwa gharama za mwenyewe. Ankara iliyoandika "betri" bila kusema ni za lithiamu, zenye namba ya forodha 8507.60, humfanya ofisa aulize, na majibu hutoka China kwa saa za China. Jumlisha yote hayo, na Mtanzania aliyeagiza seli Oktoba 2023 kwa sababu ya mgawo wa umeme alikuwa na nafasi nzuri ya kuzipokea baada ya mtambo wa kwanza wa umeme wa Bwawa la Julius Nyerere kuwashwa, Februari 2024.

Zikifika, seli zenyewe husema zilikokuwa. Seli nyingi za China zina msimbo wa mraba wenye herufi na tarakimu 24 juu yake, na nafasi ya 15 hadi 17 ni tarehe ya kutengenezwa: mwaka, mwezi, siku. B6B ni Juni 11, 2021. D ni 2023, E ni 2024. Seli iliyotengenezwa miezi 14 kabla ya agizo haikucheleweshwa na mtu. Ilikuwa inakusubiri, ikizeeka taratibu ghalani, na huenda ilikwisha kukataliwa na mnunuzi mkubwa. Msimbo uliokwanguliwa nao ni taarifa.

Kipimo cha uwezo ni kigumu zaidi. Volti ya seli ya fosfeti ya chuma haibadiliki hata kwa moja ya kumi ya volti kati ya chaji ya asilimia 30 na 70, hivyo multimita ya fundi itaonyesha 3.29 kwa seli nzima na kwa seli iliyopoteza sehemu ya tano ya uwezo wake. Inabidi kuijaza, kisha kuimaliza kwa mzigo unaojulikana. Kwa ampea 40, seli moja ya 280 huchukua saa saba. Kumi na sita, moja baada ya nyingine, ni saa 112, bila kuhesabu kuzichaji. Dirisha la kulalamika katika soko la mtandaoni halikupangwa kwa kazi hiyo, na likihesabiwa kutoka tarehe ya kutumwa, mzigo uliolala miezi ghalani unaweza kulikuta limefungwa.

Tuseme dirisha bado liko wazi na seli mbili ni mbovu. Kuzirudisha ndiko kunakobaki, na kanuni zile zile zinangoja: betri ya lithiamu yenye kasoro ya kiusalama haipandi ndege yoyote, na kwa bahari inahitaji vifungashio maalumu vinavyoweza kugharimu kuliko seli. Hata seli isiyo na hatari, iliyopungukiwa uwezo tu, inarudi ikiwa daraja la 9, na kampuni ya meli itataka hati upya kutoka kwa mtu ambaye si kiwanda. Muuzaji anayajua haya vizuri. Kwa hiyo dhamana ya miaka mitano iliyochapishwa kwenye ankara hutekelezwa kwa namna moja: seli mbili za bure, zitakazotumwa pamoja na agizo lako lijalo.